Mtoto hashiki masomo: abaki darasa la kawaida, aende yuniti, ama utafute mwalimu wa nyumbani?

Skuli zikifunga tu na ripoti zikitoka, hapa Malindi hili swali linaanza kuzunguka upya. Mtoto yuko Gredi 4, ripoti yote ni "chini ya matarajio", mwalimu anasema mpelekeni yuniti, lile darasa maalum, babake anasema ni uvivu huo mchape, nyanyake anasema mtoto ametupiwa kijicho, na mamake yuko katikati hajui ashike la nani. Mimi nalea mmoja wa namna hiyo na nimezunguka na wazazi wenzangu skuli na ofisi kadhaa kuanzia Shella mpaka Barani, kwa hivyo nitaziweka hizi njia kando kwa kando vile zilivyo huku kwetu, karatasi zisemavyo tuziache. Mimi sio daktari wala sio mwalimu, na nina upande wangu, mtauona tu mbele.

Kabla hujalinganisha skuli na skuli, angalia kwanza mtoto amekwama wapi, manake njia inayomfaa huyu inamharibu yule. Kuna mtoto anaongea vizuri kabisa, ukimtuma dukani na mia mbili anarudi na chenji sawasawa, hadithi anakuhadithia mpaka unacheka, lakini mpe kitabu ndo kazi inaanza. Huyo akili anayo, kilichokwama ni kusoma na kuandika, wataalamu wanaita disleksia, na mara nyingi ukidadisi utakuta babake ama mjombake nae alikuwa vivyo hivyo, huwa inatembea kwenye damu. Kuna mwengine alichelewa kutembea, akachelewa kusema, sasa ana miaka kumi na bado anataka avishwe shati, anacheza na watoto wa miaka mitano na ukimwambia mambo mawili kwa pamoja anashika moja. Huyo kila kitu kimechelewa, sio kusoma pekee. Kuna yule asiyetulia hata dakika mbili, anaanza hesabu ya kwanza macho yashaenda dirishani, hiyo ndo wanayoiita ADHD ikithibitishwa na daktari. Halafu kuna yule ambaye shida yake haiko kwenye masomo kabisa, haoni ubao ama haskii.

Skuli nyingi zinawaita wote hawa "wazito" na wote jawabu lao ni moja, yuniti. Mimi hapo ndo sikubaliani.

Mpime mwenyewe nyumbani. Wale wa Uwezo wanaozunguka kupima watoto kusoma wana ngazi rahisi ambazo hata mzazi anaweza kuzitumia, silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, halafu hadithi fupi. Kaa nae mkekani muanze chini mpande juu muone anasimama wapi. Kuna mmoja wa Gredi 5 nilikaa nae, kitabuni pana picha ya mama anakaanga samaki, akasoma "mama anakaanga samaki" kwa sauti bila kukosea hata herufi, nikafungua ukurasa mwengine nikaifunika picha kwa kiganja, akanisomea "mama" na pale palikuwa pameandikwa "maua". Miaka yote hiyo alikuwa anasoma picha na walimu wanampitisha. Chuoni nako ni hivyo hivyo, Juzuu Amma anayo moyoni na ustadhi anamsifu, lakini muonyeshe ba, ta na tha moja moja, ambazo tofauti yake ni nukta tu, anabahatisha. Na wala sio lugha tatu zilizomchanganya, watu hulisema sana hilo lakini kujua lugha nyingi hakuleti shida ya kusoma, kama inayo angekuwa nayo hata angejua lugha moja.

Kiswahili pia humficha mtoto. Herufi zetu zina sauti moja moja kwa hivyo akijitahidi ataburura ba be bi bo bu mpaka afike, polepole lakini anafika, na mzazi anaona si anasoma huyu. Kingereza ndo kinamuumbua, manake kile kilichoandikwa sicho kinachosemwa. Kwa hivyo usimpime kwa kufika tu, pima na mwendo, na muulize amesoma nini, wengi wakifika mwisho wa sentensi washasahau mwanzo. Kugeuza b ikawa d kwa mtoto wa miaka sita ni kawaida, usipapatike. Akifika tisa bado anageuza na bado anaburura, hapo sasa inuka.

Kuinuka kwenyewe ni hivi. Macho na masikio kwanza, hospitali, kabla ya mambo mengine yote. Mtoto ambaye sikio limekuwa likitoka usaha mara kwa mara anaweza kuwa anaskia nusu nusu na hakuna anayejua, kila mtu anamwita mkaidi. Halafu EARC, ile ofisi ya wizara ya elimu inayopima watoto na kusema wanafaa kusoma vipi na wapi, zilianza Kenya tangu 1984 na ukiuliza ofisi ya elimu ya saabkaunti watakuelekeza. Nenda na cheti cha kuzaliwa, ripoti za skuli, na daftari zake zenyewe, zile chafu zilizojaa nyekundu, usinunue daftari mpya ukamwandikisha vizuri ndo mwende nalo, nimeona mzazi amefanya hivyo kwa aibu. Foleni inaweza kuwa ndefu na mpimaji anaweza kuwa hayupo siku hiyo, nenda tena. Hiyo ripoti ndo itakufungulia milango yote nitakayotaja, bila hiyo utabaki kubishana na mwalimu neno kwa neno.

Haya, sasa tulinganishe.

Darasa la kawaida dhidi ya yuniti

Hapa ndo wengi wanakwama kwa hivyo nitakaa sana.

Darasa la kawaida uzuri wake mkubwa ni kwamba mtoto anaskia mambo ya umri wake. Hata kama hawezi kusoma swali la sayansi, majadiliano anayaskia, anajua wenzake wanajifunza nini, na akipata nafasi ya kujibu kwa mdomo unashangaa. Anabaki na marafiki zake wa mtaani wanaokwenda nae na kurudi nae. Anafuata njia ile ya umri kwenye mtaala wa CBC, Gredi 6 anafanya tathmini ya KPSEA na wenzake, Gredi 9 ile ya KJSEA. Ubaya wake mnaujua, darasa la watoto sitini mwalimu mmoja, silabasi inamkimbiza, na mtoto aliyekaa nyuma kimya bila kusumbua anaweza kumaliza muhula mzima hajaulizwa swali. Wale wasumbufu angalau wanaonekana. Watoto wa kike nawahofia zaidi hapa, wengi wananyamaza, wananakili ubaoni kwa mwandiko msafi kabisa, ukifungua daftari unaona mashaallah, kumbe hakuna alilolisoma.

Yuniti ni darasa maalum ndani ya skuli ya kawaida hiyo hiyo, uwanja mmoja, paredi moja, lakini chumba chao. Watoto ni wachache na mwalimu amesomea, wengi wamepitia KISE, ile taasisi ya Nairobi ya kufundisha walimu wa elimu maalum iliyoanzishwa 1986. Nilikaa asubuhi nzima kwenye moja. Walikuwa watoto wa umri tofauti kabisa, mdogo kama wa miaka saba na mkubwa ashaota ndevu, wamezunguka meza mbili, mezani pana sinia ya vizibo vya soda vimepakwa rangi. Mmoja anahesabu vizibo mpaka tano, mwengine anafunga vifungo vya shati lililotandazwa kwenye ubao, kifungo cha tatu kilikuwa kinamshinda na mwalimu amekaa tu anamngojea, hamshiki mkono. Zikapita kama dakika tatu hivi kikaingia. Yule kijana mkubwa alikuwa anafanya mazoezi ya kununua, ana noti za karatasi na mwalimu ndo mwenye duka. Kazi nzuri sana ile, kusema kweli ni ualimu ambao darasa la watoto sitini hauwezekani kabisa.

Lakini angalia vizuri nilichokisema. Yule mtoto wa kwanza niliyemtaja, anayerudi na chenji sawasawa, atafanya nini pale? Kuhesabu vizibo? Aliye yuniti anafuata njia ya hatua, inaanza hatua ya msingi halafu ya kati halafu ya kuandaliwa kwa ufundi halafu ufundi wenyewe, na tathmini yake ni nyengine, kuna KILEA kwa walio hatua ya kati mahali pa KPSEA. Ni njia ya heshima kabisa kwa anayeihitaji, mtoto wa pili atafaidika sana, atajua kujivisha, kununua, kutumwa, baadae ushonaji ama upishi ama ukulima. Ila kwa mwenye disleksia tu ni kumfungia mlango, manake kuingia yuniti ni rahisi kuliko kutoka, mimi sijamuona hata mmoja aliyerudishwa darasa la kawaida hapa kwetu. Na jina litamkaa, watoto wana midomo, wanawaita majina ambayo siyaandiki hapa.

Jambo jengine ambalo walimu hawatakwambia, kuna skuli yuniti inakuwa ni mahali pa kuwekea watoto wasiwashushie wastani wa darasa. Nilipoambiwa nimpeleke wangu sikuonyeshwa kipimo chochote, mwalimu alisema tu, "Mama, huyu kule atapumzika." Nikamuuliza, apumzike nini mwalimu, ameletwa asome. Tukaangaliana. Kwa hivyo ukiambiwa yuniti uliza ni nani aliyempima, na ripoti iko wapi.

Kwangu mimi basi, mtoto aliyekwama kusoma peke yake abaki darasa la kawaida lakini usimuache hivi hivi. Zungumza na mwalimu wa darasa kwa adabu, usiende na vita, umuombe mambo madogo yasiyomuongezea kazi. Amuweke mbele, mbali na mlango na dirisha. Asimsimamishe kusoma kwa sauti mbele ya wote, hiyo peke yake inapunguza maumivu ya tumbo ya asubuhi, mnayajua. Kazi ikiwa hesabu kumi yeye akifanya sita vizuri zitoshe. Amuulize kwa mdomo. Kama ya kunakili ubaoni ni mengi, jirani yake mwenye mwandiko mzuri amruhusu kunakili kwake. Na huyu asiyetulia ampe kazi za kusimama, akusanye daftari, afute ubao, amletee mwalimu maji. Walimu wengi watakubali ukiwaeleza hivi, wanaokataa ni wale wanaohisi unawafundisha kazi.

Mtihani nao, KNEC, lile baraza la mitihani, hutoa dakika 30 za ziada kwa mtahiniwa mwenye mahitaji maalum, lakini lazima skuli imsajili hivyo na awe amepimwa, huwezi kukumbuka wiki ya mtihani.

Mwalimu wa tuisheni dhidi ya wewe mwenyewe nyumbani

Tuisheni nyingi hapa mjini ni darasa lile lile limehamia barazani. Watoto kumi na tano, ubao mdogo, wanarudia kazi ya skuli. Kwa mtoto anayeelewa lakini amepitwa kwa sababu alikuwa mgonjwa inamsaidia. Kwa asiyejua silabi unalipa pesa akae saa moja zaidi asielewe. Kama unazo pesa za kulipa, bora umlipe mtu mmoja akae na mtoto mmoja nusu saa, na asiguse kazi ya Gredi 5 kabisa, aanzie pale mtoto alipokwama hata kama ni silabi za Gredi 1. Mwalimu mstaafu mwenye subira ni bora kuliko kijana mwenye digrii anayetazama simu. Na skuli ikikwambia kuna tuisheni ya lazima likizo, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imeikataza, kwa hivyo hiyo likizo ni yako.

Wewe nyumbani huna haja ya cheti. Kinachofanya kazi kwa watoto hawa ni kidogo kila siku, dakika ishirini, sauti kwanza halafu silabi halafu neno, na viungo vingine vya mwili vifanye kazi pamoja na macho. Mchanga tunao, Mungu ametupa bure, mwambie aandike herufi kwa kidole mchangani huku anatamka sauti yake, sio jina lake, sauti. Wangu mw, nyw na ng' zilimtesa mpaka tukatenga wiki nzima ya ng' peke yake, ng'ombe, ng'oa, ng'ara, mpaka dadake mdogo akawa anaimba. Halafu maneno yetu marefu myakate. "Hawakutusaidia" ukimpa zima anakimbia, mkatie ha-wa-ku-tu-saidia kwa vipande vya karatasi, avipange avipangue, baadae ubadilishe kipande kimoja iwe "hamkutusaidia" aone kilichobadilika. Kwa mtoto wa disleksia hii imenisaidia kuliko vitabu vyote nilivyonunua.

Tatizo la nyumbani ni sisi wenyewe. Umechoka, umetoka kazini hotelini saa kumi na mbili, mtoto anasoma neno moja mara nne analikosea na mkono ushaanza kuinuka. Ikiwa huwezi bila kofi, usifundishe wewe, mpe dadake mkubwa ama binamu yake. Wengine watoto wa Gredi 8 ni walimu wazuri ajabu kwa wadogo zao.

Kurudia gredi

Fupi hapa. Mtu hupenda kuona ndo njia rahisi, "arudie tu apate msingi". Sheria ile ile ya 2013 hairuhusu skuli kumrudisha mtoto nyuma darasa, na hata ingeruhusu, unampa kitu kile kile kwa njia ile ile kwa mwaka mwengine na sasa ni mkubwa kuliko wote. Aliyekosa skuli kwa muda mrefu hiyo ni hadithi nyengine. Ila kwa mwenye shida ya kujifunza, mimi hapana.

Skuli ya bodingi ya watoto maalum

Wazazi wengi hawajui kwamba hizi skuli kila moja ina watoto wake. Kibarani pale Kilifi ni ya viziwi. Likoni, Mombasa, ni ya wasioona. Port Reitz, Mombasa pia, ni ya ulemavu wa viungo. Mtwapa kuna Sahajanand, hiyo inachukua viziwi na wenye ulemavu wa akili. Kwa hivyo ukiskia jirani anasema "mpeleke bodingi ya walemavu" muulize ipi na ya nini. Mwenye disleksia au asiyetulia hana nafasi kwenye hizi na wala hazimfai.

Kwa yule aliyechelewa kila kitu inaweza kufaa, hasa kama nyumbani hakuna wa kubaki nae na ashakuwa mkubwa wa kuweza kusema akifanyiwa ubaya. Hapo ndo roho yangu inasita. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, huwezi kwenda kila wiki, na mtoto asiyeweza kueleza yaliyompata usiku mimi simlazi mbali. Kama yuniti iko unapoweza kufika kwa tuktuk, chagua yuniti alale kwako. Kama uko vijijini huko ndani na hakuna yuniti ya karibu, basi bodingi inaingia kwenye hesabu, nenda ukaone mabweni, choo, na nani analala nao usiku, usiridhike na ofisi ya mwalimu mkuu iliyopakwa rangi.

Skuli za praiveti

Zina darasa dogo na hilo ni jambo la maana sana, watoto ishirini mwalimu anamuona kila mtu. Ila nyingi zinauza jina la matokeo, mtoto akiwa anashusha wataanza kukuita ofisini kukwambia "labda tumtafutie mahali pazuri zaidi". Halafu nyingi ni Kingereza kutoka asubuhi mpaka jioni, na nimeshasema Kingereza kinamfanyia nini huyu mtoto. Kama unalipa, uliza kabla ya kulipa, mna mtoto mwengine kama wangu na mnamfanyia nini, wakikujibu kwa mfano wa mtoto na daftari lake, lipa, wakikujibu kwa maneno ya brosha shika njia.

Ningekuwa mimi

Kusoma tu ndo shida: darasa la kawaida, mwalimu aombwe yale madogo, dakika ishirini nyumbani kila siku, na ripoti ya EARC kwa ajili ya mitihani. Asiyetulia: hivyo hivyo, na daktari, kwa sababu huyo wakati mwengine kuna la kitabibu la kufanya. Kila kitu kimechelewa: yuniti ya karibu, mapema, usingoje afike miaka kumi na mbili kwa ajili ya aibu ya watu, na mshughulikie kadi yake ya NCPWD, lile baraza la watu wenye ulemavu. Macho na masikio: miwani ama matibabu, halafu mpe muhula mzima uone, mara nyengine hayo ndo yalikuwa yote. Yule wa katikati ambaye hujui yuko wapi, muweke darasa la kawaida kwanza huku unasubiri kupimwa, manake kutoka darasa la kawaida kwenda yuniti unaweza siku yoyote.

Na ukienda kuangalia yuniti usiende siku ya kufungua wala siku ya wageni, nenda Jumanne ya kawaida saa nne, uangalie watoto wangapi wana kitu mkononi na wangapi wamekaa tu wanangoja chai. Muulize mwalimu mtoto huyu muhula uliopita alikuwa hawezi nini ambacho sasa anaweza. Mwalimu anayejua kazi yake atakujibu kwa mtoto mmoja mmoja bila kufungua faili. Haya mambo yote yaanzeni sasa likizo, usajili wa mitihani huwa mwanzoni mwa mwaka na EARC Januari watu ni wengi mno.